Risasi kwenye maziko ya Babu

Yamile, tumetoka makaburini sasa hivi.

Babu Gumersindo tumemzika, miaka tisini na tatu. Watoto, wajukuu, hata majirani wa kule juu kwenye mashamba ya viazi walikuja.

Baba mkubwa Eliécer akawaomba askari wa kambini waje kumpigia risasi za heshima, kwa kuwa Babu alipigana vita vya Korea akiwa katika kikosi cha Kolombia. Hakumwambia Bibi. Alitaka kumfurahisha mama yake!

Risasi za kwanza zikalia. Bibi Hermelinda akapiga ukelele. Bibi yetu yule mpole, Yamile! Akalilalia jeneza, akaziba kwa viganja pale kilipo kichwa cha Babu.

"Eliécer, mjinga we! Baba yako alikuwa anakwenda wapi kila sikukuu ya Bikira Maria?"

"Kuangalia ng'ombe, mama."

"Ng'ombe gani! Alikuwa anakimbia fataki. Anajificha zizini analia, mimi namziba masikio. Miaka yote hiyo! Leo wewe unamletea bunduki kaburini?"

Na sisi tulikuwa tukimcheka, unakumbuka? Eti mzee bahili, anakwepa mchango wa sherehe.

Ofisa akauliza kwa sauti ya chini, "Tuendelee?" Baba mkubwa akapiga magoti, akaweka viganja vyake juu ya vya mama yake.

Bibi hakumtazama. Alikuwa anaongea na jeneza. "Tulia, mzee wangu. Wanaondoka sasa."