Mrehani wa Zuhura

Alhamisi, baada ya Isha

Niwie radhi, shajara yangu, kwa kimya kirefu. Tangu tulipomzika mke wangu Zuhura, sikuwa na la kuandika.

Sasa lipo. Mrehani wake wa uani unatunzwa, na si mimi ninayeutunza. Mimi huumwagilia maji tu. Zuhura alikuwa akiyakata maua kwa ukucha kabla hayajachanua, ili asikose majani ya kutilia kwenye kikuba cha nywele zake. Kila asubuhi nayakuta yamekatwa vivyo hivyo.

Leo binti yetu Salma alikuja, akauinamia mrehani.

"Baba, umejifunza lini kazi ya Mama?"

"Sijaugusa."

"Basi nani? Paka?" Alicheka, kisha akanitazama sana. "Njoo ukae nasi Tudor, Baba."

Alipoondoka, nilikwenda kunawa nile. Kabla sijafungua maji, nilinusa ukucha wa kidole gumba. Ulinukia mrehani.

Sijui nihofie lipi: kwamba Zuhura yumo humu, au kwamba ni mimi, nami sikumbuki.

Usiku huu nitalala nimeufunga mkono wa kulia kwa kitambaa. Asubuhi nitayatazama maua. Nikishaamua kama nahamia Tudor au nabaki naye, nitaandika.