Mashine Imelala, Ujumbe Namba 212

Mwanangu mshauri, sijui kama gazeti lenu linapokea barua za wazee watundu, ila nisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni fundi wa mashine za ubaridi kwenye kiwanda cha maziwa, shule niliishia darasa la tano, lakini kompresa, ule moyo wa mashine ya ubaridi, naijua kwa mlio kama mtu anavyomjua mkewe kwa kikohozi, na binti yangu kitinda mimba yuko hapo hapo, ofisi ya juu, anaandika programu ya kuziangalia mashine, maana siku hizi mashine ikiumwa inatuma ujumbe kwenye kompyuta, na kila ujumbe una namba, una ngazi, yaani taarifa au onyo au hatari, una jina la mashine na sentensi moja ya kueleza kilichotokea, halafu kuna kitabu ambamo kila namba imeandikiwa chanzo na cha kufanya, ili mwandika programu mwingine akija asibabaike. Binti akaniomba nimwandikie hizo sentensi kwa kuwa mimi ndiye ninayezijua mashine, nami nikaona leo ni leo, wa darasa la tano anawafundisha wenye digrii, nikaandika kwa madaha. Ya kompresa kufa, namba 212, nikaandika "Mashine imelala", maana karakana nzima ndivyo tusemavyo, imelala, kwisha habari yake, kwenye chanzo nikaweka "Uzee", kwenye cha kufanya nikaweka "Mwite mzee", nikacheka mpaka chai ikanimwagikia. Sasa jamaa wa ofisi ya juu aliyepanga ngazi, kwao wao kompyuta ikilala inaamka ukigusa kitufe, akasoma imelala, akajua inapumzika, akaipa ngazi ya taarifa, na taarifa haipigi kengele. Mwezi jana niko likizo, 212 ikaja mara arobaini, wakaitazama ikipita, maziwa ya tangi zima yakachacha. Kitabu kina jina la binti yangu, Jumatatu anaitwa kujieleza na huenda akafukuzwa. Nilipomuuliza mezani tukila atasema nini, akanijibu, "Nitasema niliandika mimi. Wewe umebakiza miezi minne ustaafu, baba." Nikala chakula changu nikamaliza. Je, niendelee kunyamaza, hasa ukizingatia kwamba utani wenyewe ulikuwa mzuri?

Fundi wa Ubaridi

Shikamoo mzee wangu, na pole. Nimecheka, nakiri, kisha nikasoma tena pale ulipomaliza sahani, kicheko kikaisha.

Sentensi ile ilikuwa ya kusomwa na mtu ambaye hajawahi kuisikia kompresa yako ikilia. Alichonacho ni namba na maneno mawili, na wewe ukampa neno ambalo chini lina maana moja na ghorofani lina nyingine. Na "Uzee" ni chanzo gani, baba wee? Aliyepanga ngazi bila kuuliza naye ana lake, atalijibu mwenyewe. Wewe jibu lako.

Jumapili kaa mezani na binti, muandike upya. Sentensi, kompresa imesimama, haitawaka yenyewe. Ngazi, hatari. Chanzo, taja vile vitu vinavyoiua kweli, unavijua kuliko mtu yeyote. Cha kufanya, maziwa yahamishiwe tangi la pili kwanza, ndipo fundi aitwe. Mpe mfagiaji wa ofisi asome, na akiuliza swali hata moja, futeni muandike tena.

Jumatatu ingia naye kwenye kikao, uanze kusema wewe kabla yeye hajafungua mdomo. Miezi yako minne ikipotea, ipotee. Yeye ana miaka thelathini ya kazi mbele yake. Na utani usiutaje, hata wakikuangalia kwa huruma.

Kuna mstari wako mmoja tu ambao kwa kesi hii sioni pa kuusahihisha, ule wa cha kufanya. Mwite mzee. Haya mzee, umeitwa.