Magurudumu ya Saidi

Ijumaa, Usagara

Hatimaye miguu yangu inafika chini. Eda yangu iliisha juzi, na leo nimeipeleka kwa fundi baiskeli ya umeme ya marehemu mume wangu, ile ya milimani. Saidi alikuwa mrefu. Mimi nikiipanda nabaki nikining'inia. Fundi ameifungia magurudumu madogo. Sasa kwenye kona pedali inakwaruza lami, lakini siogopi tena kuanguka.

"Haya makubwa nikutafutie mteja, mama?" aliniuliza.

Nilimkaripia bure, maskini. Nimerudi nayo nyumbani, nimeyaegemeza upande wa Saidi wa kitanda. Yana tope la Kigombe, la safari yake ya mwisho. Ole wake atakayeyaosha.

Lakini nani? Humu ndani nimebaki peke yangu.