Maji katika Nchi ya Divai

Yaya, dada yangu mukubwa mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima yote iliyobaki, maana nyingine nimeiacha kwenye ngazi za Italia. Mugongo wako unasemaje siku hizi? Na mbuzi wako yule mwizi, bado anatafuna vitenge kwenye kamba? Mimi huku Bruseli napumua. Lifti ya nyumba yetu hapa Etterbeek imekufa tena. Napanda kwa miguu, nikifika juu nimesahau nilishuka kutafuta nini.

Nakuandikia kwa sababu kila nikitaja Mutaliano kwenye simu, unakata. Karatasi haikatwi. Maman Espérance wa parokia yetu anakuja Bukavu, nimemuomba akusomee mpaka mwisho, hata ukimutukana.

Bon. Unajua jambo lenyewe. Furaha, mutoto wangu wa mwisho, anataka kuolewa na Paolo, kijana wa Piemonte, kule Italia ya kaskazini. Neno la ndiyo ni lako, wewe shangazi yake, ndivyo baba yetu alivyotuachia. Nilipokuambia wamenialika kwao, ulinikemea: nisinywe pombe yao, kwani nikinywa nimemutoa mutoto. Nikaahidi. Lakini Yaya, ulijua unanituma wapi? Kule hata vilima vimevaa mizabibu toka kichwa mpaka miguu. Ayubu mwenyewe alipewa vidonda, hakupelekwa kwenye divai na mudomo umefungwa.

Chakula nilikula, maana chakula hukukataza. Wanakata tambi nyembamba kama nyuzi, za manjano kwa wingi wa mayai, halafu wanazikunia uyoga unaonuka kama soksi za seminari. Uyoga ule unajificha chini ya udongo. Mbwa ndiye anafukua, muntu anamunyang'anya. Nikaonja, nikaomba tena. Nyama mbichi ya ng'ombe pia wanakula, na limau. Ile niliizungusha kwenye sahani mpaka ikachoka yenyewe.

Mchana Furaha alinitembeza. Tulienda muji wa Turin kuona sanda ya Bwana Yesu, tukaonyeshwa sanduku lililofungwa. Nikapiga magoti mbele ya sanduku, kwa sababu kusimama kulikuwa kumenishinda. Halafu tukaingia nyumba kubwa ya vitu vya Misri. Watu wa Afrika yetu wamelala nyuma ya vioo, wamekauka, Wazungu wanapita wakiwachungulia. Nikawaambia poleni, wazee, hata mimi nilikuja kwa muda kidogo tu.

Lakini kazi ilikuwa mezani, jioni. Papa Giacomo, baba ya Paolo, ni mulimaji wa mizabibu. Anafungua chupa, anamimina, mimi nafunika glasi kwa mukono. Jioni ya kwanza wakafikiri mimi ni Muislamu. Ya pili, mulokole. Kisha mama ya Paolo akaniuliza polepole kama ini langu limeoza. Na Furaha alikuwa amenikataza kabisa kusema sababu, aliona haya wajue kwamba shangazi hajamukubali kijana. Donc wewe umenifunga kunywa, yeye amenifunga kusema, mudomo umebaki wa tambi tu.

Jioni ya mwisho muzee akanishusha peke yangu kwenye chumba cha mapipa. Kifaransa chake alikiokota ujanani, kwenye migodi ya makaa huku Ubelgiji. Akatoa chupa ya mwaka aliozaliwa Paolo, akamimina. Nikafunika glasi. Akaweka chupa chini.

“Papa Deo, divai yangu imekukosea nini?”

Yaya, ile sauti ilinishinda. Nikamuambia yote: kwamba kwetu ukinywa pombe ya mukwe umeshakubali, na mwenye mutoto ni dada yangu, na dada yangu bado. Nikangoja anionyeshe mulango.

Akarudisha kizibo. “Basi hata mimi bado,” akasema.

Tukapanda kula. Bibi yake, mama ya Paolo, alipotaka kumumiminia, muzee akafunika glasi yake kwa kiganja, kama mimi. Bibi akaangalia kiganja, akaangalia uso, akakaa. Tukanywa maji, wazee wawili, kama watu waliotoka kuzika.

Nilifikiri ni heshima ya jioni moja. Lakini mama ya Paolo anapiga simu kwa Furaha: muzee bado yuko kwenye maji. Mavuno yameanza, majirani wanakuja kumuangalia kama mugonjwa. Anawaambia anamungoja shangazi.

Ulisema Wazungu hawajui shangazi ni nini. Huyu sasa anajua. Mimi nimechoka, Yaya. Nimezika rafiki wengi kwenye baridi hii, nataka nimusindikize mutoto mumoja nikiwa bado nasimama. Furaha amesema ukikataa atatii. Analia bafuni akifungulia maji, anafikiri nimekuwa kiziwi. Kama ni hapana, nitaipeleka hapana kwa mukono wangu. Lakini sema.

Nisalimie shemeji fundi wa viatu, binamu yetu anayeimbisha kwaya kwa nguvu kuliko kwa sauti, na yule mujane wa jirani aliyekataa kuolewa na mimi. Alikuwa na akili.

Papa Giacomo ameniuliza wewe unakunywa nini. Nikamuambia kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Sasa anataka kujua inamiminwa kwenye glasi ya namna gani, anunue.

Mudogo wako mwenye kiu,
Deo