Nilimtia Kinyaa Meneja

Mwenzangu, uko hewani? Usipige, nitalia. Soma tu.

Nimetoka kwenye usaili wa ile kazi ya mapokezi. Kiingereza mwanzo mwisho. Wasaili, wamejipanga mezani, wakaniuliza kwa nini niliacha kazi ya kwanza. Nikawajibu, "I repulsed my manager."

Nilitaka kusema nilimkatalia, nikamsukuma akae mbali nami. Kumbe neno hilohilo ni kumtia mtu kinyaa. Kinyaa, mwenzangu!!

Yule mzee wa katikati alicheka mpaka akavua miwani. "Ulimtia kinyaa meneja? Kwani ulikuwa huogi?" Wote wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka nao. Nikacheka! Sijui kicheko kile nilikitoa wapi.

Mama mmoja tu kati yao hakucheka. Alinifuata hadi kwenye ngazi, akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili, "Mwanangu, huyo meneja alikufanya nini?"

Nikamwambia, "Hakuna kitu, mama. Ni Kiingereza changu tu kibovu."

Akanitazama kidogo, akarudi ndani.

Sasa nimekaa hapahapa kwenye ngazi. Watu wanapanda na kushuka, wananikwepa kama ndoo ya maji machafu.

Wewe nilikuambia niliacha kazi kwa kuchoshwa na zamu. Si kweli. Yule meneja alifunga mlango wa stoo tukiwa wawili ndani, akatia ufunguo mfukoni. Nilimsukuma, nikapiga mayowe mpaka mlinzi akaja kugonga.

Sijamwambia mtu yeyote. Hata mama yangu hajui.

Naona unaandika. Acha kuandika. Njoo unichukue.