Wodi ya Wazazi Siiwezi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijajaza karatasi ya matroni, na jina langu usilichapishe. Mwezi uliopita nilimaliza mafunzo ya unesi katika hospitali moja ya misheni upande wa Iringa, na sasa nipo nyumbani Mbeya kwa likizo fupi nikitakiwa kuchagua wodi ya kuanzia kazi, ya wazazi, ya watoto au ya kifua kikuu, na baba yangu, ambaye ni mkulima, amekwisha kunichagulia ya wazazi, kwa kuwa mama yangu alifariki akimzaa mdogo wangu na ndiyo sababu baba alikubali nisome badala ya kuolewa, lakini mshauri, mimi nimeua mtu.

Mwezi wa Machi, nikiwa bado mwanafunzi katika wodi ya wazazi, aliletwa mama mmoja kutoka Kihesa, nitamwita Yudith, akajifungua mchana mtoto wa kiume, sista wa zamu akaniachia nimwangalie, nikaona damu haikatiki, nikambadilishia kitambaa, kikalowa, nikaweka cha pili, nacho kikalowa, na muda wote huo nilijua natakiwa kumwita sista, ila jana yake nilimwita kwa jambo dogo akaniita mjinga mbele ya wagonjwa, basi nikaogopa, nikasema ningoje kidogo, Yudith akaniambia, "Dada, naona baridi," nikamfunika blanketi, na nilipokwenda kuita alikuwa hasemi tena, akafa kabla ya saa kumi. Sista aliniuliza damu ilianza lini, nikasema sasa hivi, naye akaandika hivyo. Mumewe Gideoni alipokuja kumchukua mtoto alinishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, dada. Najua ulimpigania."

Tangu hapo mtoto akilia kanisani natoka nje, na nimeamua kwenda kifua kikuu, maana huko wengi wanakufa na hakuna atakayenishukuru, tena huenda nami nikaambukizwa yakaisha. Je, nakosea?

Aliyekata tamaa, Mbeya

Binti yangu, unakosea, tena sana. Wagonjwa wa kifua wanatamani kupona warudi kwa watoto wao, nawe unataka kwenda kujificha kati yao na kuugua kwa makusudi. Wamekukosea nini?

Nakuhurumia. Uliogopa, na sista aliyekutukana mbele ya watu ana sehemu yake katika jambo hili. Lakini kuogopa ni jambo moja, na kudanganya ni jingine. Kama Yudith angepona endapo ungeita mapema, mimi sijui, wala sitasema uongo ili upate usingizi. Ninachojua ni kwamba msichana mwingine ataachwa peke yake wodini humo, ataogopa kama wewe, kwa kuwa imeandikwa damu ilianza ghafla na hakuna aliyejifunza kitu.

Usichague wodi yoyote sasa. Leo hii kaa na baba yako umweleze yote, hata hilo la kutaka kuambukizwa. Usibaki nalo peke yako. Kisha nenda kwa matroni, umwambie ulibadilisha vitambaa vingapi, na jibu ulilompa sista. Huenda ukanyimwa cheti, kubali. Gideoni ana haki ya kujua, lakini matroni ndiye aamue jinsi ya kumwambia, na siku hiyo usimwombe msamaha ili wewe upumue. Ana mtoto mchanga wa kulea. Ukibakishwa kazini, omba kuwa chini ya mkunga mzoefu hadi yeye aseme unatosha. Ukifukuzwa, utarudi kulima na baba.

Gazeti hili litafika Mbeya Jumamosi. Jumatatu uwe ndani ya basi la Iringa.