Santuri ya Bendi Tano

Sarandi, Porto Alegre
Agosti

Kwa kaka yangu mpendwa Gilnei,

Pokea salamu za upendo kutoka huku nyumbani. Natumaini mgongo umepoa, na kwamba wifi Fátima na watoto hawajambo. Sisi huku ni wazima. Hii ni baridi ya pili tangu mafuriko. Kuta zimekauka, ila alama ya maji bado iko juu ya mlango, na harufu ya tope hurudi kila mvua inaponyesha.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati tunaongea kila Jumapili. Nimejaribu kwenye simu, kaka. Kila nikitaka kuanza, wewe unaniita "Nono" na kuniuliza nimekula nini, basi maneno yananikwama.

Uliniambia mwezi uliopita kwamba yule kijana wa São Paulo anataka kuitoa upya ile santuri yenu ya bendi tano, ile mliyochangia bendi tano wimbo mmoja mmoja. Ulikuwa na furaha ambayo sijaisikia kwako tangu ulipohamia Ureno. Ukaniambia kanda ya studio ilipotea zamani, na nakala mbili zilizopatikana zimekwaruzwa hazifai. Sasa unawapigia simu watu wa jimbo zima, hata mpiga besi wa zamani ambaye siku hizi ni mchungaji wa kanisa, akakuuliza kama umeokoka. Tulicheka sana. Kisha ukasema, "Ningekuwa na ile ya kwangu tu, Nono. Lakini maji ni maji, nani atayalaumu." Nilikata simu nikakaa jikoni, chai yangu ya mate ikapoa kwenye kibuyu bila kuguswa.

Acha nianze pale maji yalipoingia. Nilipanda juu ya meza, kisha darini, na mashua ya majirani ikaja kunitoa kupitia dirisha la darini. Waliniambia nichukue kitu kimoja. Nilichukua santuri yako. Nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki tangu ulipoondoka, kama ulivyoniagiza, nikaikumbatia kifuani mpaka tulipofika shuleni walikotulaza. Yule mwenye kasia aliniuliza kama ni picha ya marehemu mume wangu. Nikamwambia ni kelele za kaka yangu. Akasema, "Haya mama, kelele nazo zina haki ya kuokolewa."

Naam, kaka. Santuri haikuchukuliwa na maji. Nilikudanganya. Na hilo bado si baya lenyewe.

Kwenye ukumbi wa shule, godoro la pili kutoka langu alilala Mama Alzira, mama yake Clairton, mwimbaji wenu. Najua jina hilo linavyokuchoma. Nilikuwepo siku ile baada ya mazishi, Clairton alipokufa na pikipiki yake, mama yake alipotoa boksi zima la santuri mlizokuwa hamjaziuza na kuziwasha moto uani. Nakumbuka alivyokupigia kelele mbele ya watu kwamba muziki wenu wa kihuni ndio uliomuua mwanawe, na nakumbuka ulivyoapa hutamsamehe maisha yako yote. Watu wanaozitafuta leo hawajui kwamba zimekuwa adimu kwa sababu ya moto wa mama mmoja.

Sasa alikuwa kikongwe mwenye blanketi la msaada. Maji yalimchukulia kila kitu: picha, koti la ngozi la Clairton, hata cheti cha ubatizo. Wali wa msaada ulipoletwa hakuugusa. Nilimsogelea nimbembeleze, akanishika mkono akasema, "Noeli mwanangu, sura yake bado ninayo kichwani. Sauti ndiyo imetoka. Namwita anijibu, simsikii. Nilizichoma mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Nilirudi kwenye godoro langu nikajigeuza huku na huku. Mfuko ulikuwa chini ya mto. Asubuhi nikampa.

Aliitoa kwenye jalada, akapitisha kidole pale palipoandikwa Clairton, sauti, na Gilnei, ngoma, akalala nayo ubavuni. Wakati huo huo ukapiga simu. Uliuliza kwanza kama niko hai, kisha, kwa aibu, ukauliza kuhusu santuri. Nilikuwa namtazama yeye amelala. Nikasema maji yamechukua. Ukasema, "Potelea mbali, wewe upo." Fátima aliniambia baadaye kwamba ulilia bafuni ukidhani hakuna anayekusikia. Kaka, nilimpa kitu chako mtu ambaye uliapa hutamsamehe, kisha nikakuachia wewe kilio.

Uliponipa habari za kijana wa São Paulo, nilijiambia nitairudisha. Jumamosi nilikwenda kwa Mama Alzira na mfuko mtupu mkononi, wa kuibebea. Mpwa wake amempatia mashine ya santuri ya mtumba. Alifurahi kuniona, akasema, "Njoo, njoo usikie kijana wangu."

Akaweka upande wa pili, wimbo wa kwanza, wimbo wenu. Unakumbuka kwamba kabla ya ngoma kuingia Clairton anacheka, halafu anasema, "Gilnei, pole pole bwana, hatufukuzwi na polisi leo"? Mama Alzira anasikiliza hapo tu. Muziki ukianza anasema, "Hayo makelele simo," anainua sindano na kuirudisha mwanzo. Kicheko. Sindano inarudi. Kicheko. Mpwa wake anasema ndivyo anavyoshinda tangu asubuhi. Mkono wake unatetemeka, na kila akiishusha sindano inakwangua.

Nilikaa nikasikiliza mfuko ukiwa mapajani. Kicheko kimeanza kufunikwa na mkwaruzo kama mafuta yanayokaanga, na ngoma zako za mwanzo hazisikiki tena. Nyimbo za bendi nyingine nne hazigusi, ni safi kabisa, kama siku uliyoniachia. Ulioharibika ni wa kwenu peke yake.

Ningeweza kumzuia. Ningeweza kumwambia kwamba anakimaliza kile kicheko kwa kukisikiliza. Nilikunja mfuko nikautia mfukoni, nikanywa chai yake ya mate, nikaaga. Mlangoni aliniuliza, "Huyo Gilnei anayemtania, ndiye yule kaka yako? Bado ananichukia?" Nilimjibu kwamba uko mbali.

Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Ni kitu, na nimekifanya nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kumpa yule kijana nyimbo za wenzenu, niagize, nitakwenda kuiomba ile santuri na kumweleza mwenyewe kwa nini.

Msalimie Fátima, wabusu watoto. Usiponipigia Jumapili nitaelewa. Lakini siku ukiamua kumpigia Mama Alzira, piga asubuhi, na umwambie mpwa wake aiweke simu kwenye sikio la kulia. Hilo ndilo bado linasikia.

Dada yako aliyekukosea,
Noeli